Unyoya kwenye Kasha la Bati

Nembo haigeuzi tumbo. Mmemsikia fundi simu wa stendi akiisema, mkacheka, halafu mkaja kuuliza imetoka wapi. Msidhani ni ya wahenga. Imetoka Nzega, na walioiona ikizaliwa bado wanakwenda sokoni na vikapu vyao. Ilizaliwa hivi.

Palikuwa na fundi wa kompyuta aitwaye Milembe. Alisomea kazi yake chuoni, akapata stashahada, akafungua karakana ya chumba kimoja nyuma ya maduka ya pembejeo. Hakuwa fundi wa kubahatisha. Aliagiza vipande, hiki Mwanza, hiki Dar es Salaam, akaviunganisha ndani ya kasha la bati, na kompyuta aliyoiunda ilikimbia kuliko nyingi za dukani. Tena alikuwa na tabia ambayo mafundi wengi hawana: alisoma masharti. Yale maandishi marefu ambayo nyinyi mnabonyeza "Nakubali" bila hata kuyatazama, yeye aliyasoma mpaka nukta ya mwisho, na alijisifu kwa hilo. Likumbukeni, litarudi.

Asubuhi moja akaja Sangija, mpiga picha za video, pamoja na mkewe Nchambi. Nchambi alikuwa mwalimu, na alikuwa kiziwi tangu utotoni. Shirika moja lilikuwa limewapa kazi ya mwaka mmoja, na likiridhika lingeongeza mingine: Nchambi afundishe sayansi kwa lugha ya alama mbele ya kamera, Sangija ahariri, video zigawiwe shule za watoto viziwi. Katika shule yao, mwalimu aliyejua alama vizuri alikuwa Nchambi peke yake, naye hakuweza kusimama katika madarasa yote kwa wakati mmoja. Kwa watoto wale, video zile zilikuwa ndiyo mwalimu.

Tatizo lilikuwa kompyuta. Sangija alijua programu moja tu ya kuhariria, na programu hiyo ilikubali mfumo endeshi mmoja tu, wa kampuni ya ng'ambo ambayo watu wa Nzega waliiita Unyoya kwa sababu ya nembo yake. Unyoya waliuza mfumo wao peke yake kwa anayeutaka. Waliuza pia kompyuta zao wenyewe, na bei ya hizo Sangija hakuimudu.

"Niundie wewe, dada Milembe," alisema. "Mfumo nitaununua dukani, sitaki wa wizi. Shirika lina fomu. Lazima nitie saini kwamba kila ninachotumia ni halali."

"Niachie nisome masharti."

"Soma. Wewe ukishasoma, mimi nasaini nimefumba macho."

Milembe akasoma. Sharti halikujificha. Lilisema mfumo ule, hata ukinunuliwa peke yake, uwekwe kwenye kompyuta iliyotengenezwa na Unyoya, yenye nembo ya Unyoya. Hapo angefunga ukurasa, amwambie mteja haiwezekani. Alikaribia kufanya hivyo. Lakini alikuwa amekwisha kuiona ile kompyuta akilini, na feni zake na kadi yake ya picha, na aliona aibu kumrudisha mtu aliyekuja kwake kwa imani ile. Akausoma mstari mara ya pili, akausoma mara ya tatu. Kila alivyorudia, nusu ya kwanza ilififia, ikabaki nusu ya mwisho. Yenye nembo ya Unyoya.

Stoo kwake kulikuwa na kompyuta ya Unyoya iliyokufa siku nyingi. Akaazima mashine ya kukaushia nywele saluni ya jirani, akaipasha moto nembo mpaka gundi ikalegea, ikabanduka nzima. Akaibandika kwenye kasha lake la bati, akaifuta kwa kitambaa. Ilipendeza.

Kisha kuna jambo jingine mnalopaswa kulijua. Mfumo ule, kabla haujawaka, huuliza kwanza uko ndani ya mashine ya nani. Milembe akauandalia jibu la uongo. Mfumo ukaamini, ukawaka.

Sangija alipokuja kuichukua aliuliza swali moja tu. "Ni halali?"

"Mfumo umenunua, risiti unayo. Masharti yanataka nembo, nembo ile pale."

Nchambi, aliyezoea kusoma midomo, alimtazama Milembe mdomoni, na aliendelea kumtazama hata mdomo uliponyamaza. Sangija akatia saini.

Kwa miezi kumi kazi ilikwenda. Video kumi na tisa zilitoka. Watoto viziwi wa Nzega walilibeba somo mpaka uwanjani: mmoja akawa jua, mwingine dunia, mwingine mwezi, wakazungukana hadi wakaanguka chini kwa kizunguzungu. Nchambi aliwaangalia kutoka dirishani. Kabla ya hapo hakuwahi kuwaona wakicheza somo.

Mwaka ulipokaribia kwisha, shirika likamtuma mkaguzi, Bi Zamoyoni, mwanamke mtaratibu aliyetembea na bisibisi ndani ya mkoba. Shirika lilikuwa limewahi kufikishwa mahakamani mahali pengine kwa ajili ya programu zisizo halali, na tangu hapo halikuongeza mkataba kabla ya kukagua vyombo vya kazi. Sangija akamwita fundi wake awepo.

"Kompyuta nzuri," alisema Bi Zamoyoni. "Ila toleo hili la Unyoya silijui."

"Nimeiunda mwenyewe," Milembe alijibu.

"Na hii nembo?"

"Masharti yanaitaka."

Bi Zamoyoni akalegeza skrubu nne, akaondoa ubavu wa kasha, akachungulia kwa muda. Mle ndani hamkuwa na kitu hata kimoja cha Unyoya.

"Mfumo nimeulipia, mama," Sangija alisema. "Risiti hii hapa. Hatukuiba."

"Naiona, baba. Ulichonunua ni ruhusa ya kuutumia, na ruhusa ilikuja na masharti yake. Kampuni ikienda mahakamani haitauliza kama ulilipa. Itauliza uliuweka wapi." Kisha akamgeukia Milembe. "Pasingekuwa na nembo, fundi, ningeandika kwamba hamkusoma masharti. Wengi hawasomi. Ningewapa muda mkarekebisha. Lakini nembo hii inaniambia mlisoma. Asiyejua masharti habandiki kitu."

Kusoma, ambako ndiko kulikuwa fahari ya Milembe, kukawa shahidi wa kosa.

"Ni mimi niliyesoma," alisema. "Hawa waliniamini tu."

"Saini kwenye fomu ni ya nani?"

Sangija aliishika ile risiti kwa mikono miwili kama mtu aliyeshika kofia msibani.

Nchambi alikuwa amefuata midomo yao yote. Akasimama. Akaugusa ule unyoya kwa kidole, akaligusa tumbo lake mwenyewe, kisha akakigeuza kiganja na kukirudisha palepale kilipokuwa.

"Anasemaje?" Bi Zamoyoni aliuliza.

Sangija akamtafsiria. "Anasema nembo haigeuzi tumbo."

Mkataba haukuongezwa. Zile video kumi na tisa zikaondolewa mashuleni, kwa kuwa shirika liliogopa kusambaza kazi iliyohaririwa kwa namna ile. Milembe aliufuta mfumo wa Unyoya, akaweka mfumo huru, ule unaoruhusiwa kwenye kompyuta ya yeyote, pamoja na programu nyingine ya kuhariria. Sangija aliielewa katika wiki tatu. Wiki tatu tu, na mfumo ule ulikuwepo tangu siku ya kwanza. Milembe hakuwa ameutaja.

Lakini kazi ilikuwa imekwisha kupewa watu wa mji mwingine. Mwalimu waliyemweka mbele ya kamera alisikia vizuri, na alama alizitoa kitabuni. Watoto wa Nzega walimtazama siku mbili, siku ya tatu wakatazama nje.

Milembe aliibandua nembo. Gundi ilibaki kwenye bati kwa umbo la unyoya, vumbi likanasa hapo, na kila alipofuta lilirudi. Nchambi akikutana naye sokoni humsalimu kwa kichwa, mikono yake ikiwa imeshika kikapu.

Kwa hiyo mkiisikia tena pale stendi, msicheke. Aliyeisema mara ya kwanza hakutumia sauti. Aligusa unyoya, akagusa tumbo, akageuza kiganja, kikarudi kilipokuwa. Nembo haigeuzi tumbo.