Watatu Kwenye Boya la Mwisho

Haya alinihadithia wifi yangu, msimu wa baridi uliopita, miguu yetu ikiwa ndani ya beseni moja la maji ya moto. Yaliwapata majirani zake.

Seremala mmoja alifariki akaacha mjane, watoto watatu na mashua ya mbao ya mashindano iliyomzidi yeye umri. Mjane alichoka kuwasuluhisha wanawe. Akawaambia wakimaliza mbio za mwaka ule, mashua ni yao. Wakishindwa, ataipa chama cha mabaharia, naye apumzishe masikio.

Binti wa kati, mshona matanga, aliipenda mashua ile kama mboni ya jicho. Lakini nani awe nahodha? Kaka mkubwa alidai kwa kuzaliwa kwanza, kitinda mimba kwa nguvu zake, binti kwa ujuzi wake. Kuepusha ugomvi, wakakubaliana kila mmoja aamuru alipokaa: kaka usukani, binti tanga la mbele, mdogo tanga kubwa. Walidhani wamepata dawa, kumbe wamekoroga sumu.

Walikwenda vizuri, wakawa wa pili hadi boya la mwisho, ambapo mashua hulizunguka na kurudi. Hapo kaka akasema, "Tunageuza."

"Bado," binti akajibu. "Tanga langu limejaa upepo."

"Limejaa maneno yako," mdogo akadakia. "Mimi nimeshaachia kamba."

Mashua ikasimama kama punda aliyegoma, matanga yakipigapiga. Wimbi likaisukuma ikagonga boya, na katika mbio zile anayegusa boya hutolewa. Baharia mmoja aliyewapita akawauliza kama wamefungua duka pale.

Walirudi nyumbani hoi, nguo zikichuruzika maji. Mama hakufoka. Aliwapakulia chakula, akauliza kulikoni. Wakajibu wote kwa pamoja, kila mtu na lake. Akainua mkono.

"Wanangu, kesho watu wa chama watakuja kuichukua mashua. Baba yenu alipokuwa nahodha wake, mabaharia walimchukia siku nyingine. Ila wakati wa kugeuza, alisema yeye tu."

Kaka akaegemea ukuta, akaanza kukoroma. Mdogo akalala papo hapo, kijiko mkononi. Mama akajikokota chumbani, akajifunika gubigubi. Binti alibaki akitazama viganja vyake vilivyochubuliwa na kamba. Alitaka kumfuata mama amwambie kosa lilikuwa la kaka, lakini ulimi ulikuwa mzito kama nanga, naye usingizi ukamchukua. Nahodha wengi, chombo huenda mrama.