Mashavu na Zimwi Lisilo na Jina

Paukwa!

Pakawa!

Nani mlangoni?

Mwenye jina!

Mnaitikia kama mmeshindia uji wa jana. Mimi nikiitikia nilipokuwa mdogo, kuku wa kijiji cha pili walitaga kwa mshtuko!

Basi, hapo zamani kijiji cha Mbugwani kilisumbuliwa na zimwi. Zimwi kubwa! Ukucha wake mmoja ungetosha kuezeka nyumba ya baba yako, wewe Tunu, kikabaki kipande cha banda la kuku. Unacheka? Mimi niliyesoma mpaka darasa la nne, tena darasa likalia nilipoondoka, nikudanganye kwa faida gani?

Lakini zimwi lile lilikuwa na shida moja. Haliwezi kuvuka kizingiti bila kukaribishwa. Linapiga hodi kama watu. Ukiuliza "Nani?" limekwama, maana zimwi halina jina. Basi linatafuna mbuzi walioko nje, linakwenda zake.

Watu wakachoka kuliwa mbuzi. Wakaunda sungusungu, vijana wa kulinda kijiji kwa marungu. Mkuu wao akawa Lugendo.

Siku moja Lugendo kaita mkutano. "Ndugu zangu, tukilikimbiza zimwi, tunasimama kupiga hodi kwenye nyumba za watu, linatupotea. Turuhusuni tuingie bila hodi. Tukiwa tunakimbiza tu."

Watu wakatazamana. Akasimama Mashavu, muuza maandazi, mdomo kama redio. "Mimi sina cha kuficha! Ingieni!"

Makofi.

Siku nyingine Lugendo kaja tena. "Sasa tuingie hata kama hatukimbizi."

"Mimi sina cha kuficha! Ingieni!"

Makofi.

Siku ya tatu: "Hodi yenyewe ife. Hodi inalishtua zimwi. Na anayesema subirini, huyo analificha."

Mashavu akasimama, ila sauti imepungua. "Mimi sina cha kuficha. Ingieni."

Basi wakaingia. Watu wanakula, wao wanakagua sufuria. Nyama ilikaguliwa mpaka ikaisha! Watu wamelala, wao wanakagua mashuka.

Siku moja wakaingia kwa Kidawa, jirani yake Mashavu. Huyu Kidawa ndiye aliyemnyonyesha mtoto wa Mashavu, Mashavu alipougua. Walimkuta anaoga uani.

"Subirini, navaa!"

"Kasema subirini! Analificha!"

Wakamburuta na kanga moja, wakamfungia kwenye ghala la mahindi. Huko njiani anaita: "Mashavu, nisemee! Mashavu, unanijua! Mashavu!"

Mashavu alikuwa nyuma ya ukuta, anakanda unga. Alisikia mara zote tatu. Akakanda.

Maandazi ya siku ile yalikuwa magumu, ukimtupia punda anazimia. Akiinama kuchota maji, anasikia "Mashavu!" Akitia tonge mdomoni, "Mashavu!" Analitema.

Basi, alasiri moja zimwi likaja. Hodi hakuna, nani hakuna, vizingiti vimelala. Likainama, likaingia kwa Mashavu kama mwenye nyumba.

"Sungusungu! Nakufa!"

Sungusungu walikuwa nyumba ya tatu, wanakagua pilau. Lugendo kachungulia, kauona ule ukucha, katupa rungu. Nasikia bado anakimbia mpaka leo.

Mashavu mbio mpaka ghalani, zimwi nyuma. Akatoa komeo, mlango ukafunguka. Angeingia tu, si ndivyo walivyozoea? Mguu ukakataa. Aibu ilimshika.

"Hodi!"

"Nani?" Kidawa akauliza gizani.

"Jirani yako."

"Sina jirani."

Ardhi inatikisika. "Hodi!"

"Nani?"

"Rafiki yako."

"Sina rafiki."

Pumzi ya zimwi inamuunguza mgongo. "Hodi!"

"Nani?"

"Ni mimi Mashavu. Nilikusikia ukiniita, nikakanda unga."

Kidawa akasogea kumpisha: "Karibu."

Akaruka ndani. Zimwi likafika, mguu ukagota kizingitini kama umepiga jabali! Kizingiti kilichopigiwa hodi kilikuwa kimeamka.

"Hodi," likanguruma.

"Nani?" wakauliza wote wawili.

Likafikiri. Likafikiri. Likafikiri mpaka likafura, likapasuka paaa! Mbuzi wakatoka mmoja mmoja, wanalalamika joto.

Basi hodi ikarudi Mbugwani. Hata sungusungu wakafundishwa kusimama nje na kungoja.

Na Mashavu? Kila asubuhi humpelekea Kidawa maandazi laini. Hupiga hodi. Kidawa yumo ndani, anamsikia, huchelewa kuitikia. Mashavu husimama pale, maandazi yanapoa kwenye sinia, anangoja.

Hadithi yangu imeishia hapo, hapo hapo mlangoni. Anayetaka kukulinda, mwambie apige hodi kwanza. Na ruhusa ya mlango wa jirani yako si yako wewe kuitoa.