Sahani ya Pandit Durgashankar

Alikuwako Tanga Pandit Durgashankar Shukla, Mbrahmini wa tabaka la makuhani wa Kihindu, aliyejigamba kwa usafi wa dini. Alipotamani mke kijana, aliwaita wazee wa Kibrahmini ili mkewe Revabai afukuzwe, watoto wabaki. Kosa lake: kinywa kilinuka samaki, naye Mbrahmini samaki hamgusi.

Revabai alimuuliza mumewe kwa upole, "Baba Jayanti, mke mwema hula nini?"

"Mabaki ya sahani ya mumewe!"

"Labda mimi hudokoa kwingine?"

"Uthubutu? Stoo naifunga mwenyewe, mlango naufunga mwenyewe, na sahani nakupa kwa mkono wangu! Wazee, hapo sina uzembe."

"Wazee mmesikia," alisema Revabai, akivuta ushungi. "Basi, Baba Jayanti, ukila tena nguru wako, usiniachie kichwa kitupu. Bakiza na minofu."