Mtani wa Kwenye Simu

Jembe huazimwa, mtani haazimwi. Mmeisikia leo kwa mama muuza vitumbua, mkacheka kwa sababu yeye alicheka, na sasa mnanizunguka mnataka kujua imetoka wapi. Kaeni. Menyeni viazi huku mnasikiliza, maana hadithi ya bure huharibu watoto. Methali hii ilianza hivi, na aliyeianzisha ni babu yenu kwa ukaidi wake.

Babu yenu, mwalimu Kikoti, ni Mhehe, na Mhehe hana raha mpaka awe na Mngoni wa kumtukana. Zamani makabila haya mawili yalipigana vita vikali. Walipochoka kuuana wakawa watani, na mpaka leo Mhehe akikutana na Mngoni ana ruhusa ya kumwambia lolote, wala mwenzake hana ruhusa ya kukasirika. Mngoni wa babu yenu alikuwa Gaudensi Ngonyani. Walifundisha shule moja hapa Iringa miaka mingi, na walimu wenzao waliacha chai ipoe wakiwasikiliza. Siku tuliyomzika mama yake babu yenu, Ngonyani alijilaza mlangoni akasema jeneza halipiti mpaka apewe jogoo, kwa kuwa marehemu alimwahidi jogoo kisha akafa makusudi ili asimpe. Babu yenu alikuwa hajala wala kusema neno tangu msiba uingie. Alicheka machozi yakimtoka. Nilimpenda Ngonyani tangu siku ile.

Kisha Ngonyani akastaafu, akarudi kwao Songea. Siku ya kuondoka, badala ya kuagana kama watu wazima, wakawekeana sharti: atakayempigia mwenzake simu kwanza ndiye aliyemkumbuka, na aliyemkumbuka ameshindwa. Wanaume wawili wenye wajukuu! Basi simu hazikupigwa. Miezi ikapita, mwaka ukapita. Babu yenu akawa kimya humu ndani mpaka nikaanza kuongea na kuku.

"Mpigie," nilimwambia.

"Nimpigie ashinde?"

Ndipo mama yenu alipomwekea akili mnemba kwenye simu, akamweleza kwamba inatunga chochote unachotaka. Babu yenu akapata wazo. Angeandika kitabu cha utani, Mhehe na Mngoni wakirushiana maneno. Mhehe angekuwa yeye, na Mngoni angekuwa simu. Niliona macho yake yamechangamka, nikashukuru Mungu. Asubuhi yake akakaa barazani na kuanza kazi.

"Wewe Mngoni! Babu zako walitukimbia vitani wakaacha hata ngao!"

Simu ikajibu kwa sauti ya adabu, "Ni kweli kwamba vita vile vilikuwa vigumu. Pande zote mbili zilipigana kwa ushujaa."

"Sikukuuliza historia! Nitukane!"

"Samahani kwa kukukwaza. Ungependa tusi la upole au la wastani?"

Babu yenu aliitazama ile simu kama mtu aliyeuziwa pombe ya ulanzi iliyotiwa maji. Hata hivyo hakukata tamaa. Wala nisiisingizie, ilikuwa na bidii kuliko wote mlioketi hapa. Ilisahihisha maandishi, ikapanga sura, haikusahau neno wala kuomba chai. Matusi nayo ilijifunza, lakini yalikuwa matusi ya kumfaa kila mtu, kama koti la kukodi. Kitabu kikaisha upesi, kikachapwa, na ukumbi wa parokia ukaombwa kwa ajili ya uzinduzi.

Nilimsikia akifanya mazoezi ya kusoma chumbani. Alicheka kwenye maneno ya Mhehe tu. Kwenye ya Mngoni alipita kimya. Hapo nikaogopa, maana mtu anayecheka utani wake mwenyewe peke yake ameanza kuzeeka vibaya. Nikachukua simu nikapiga Songea. Lile sharti halikunihusu.

"Shemeji," nikamwambia Ngonyani, "njoo Jumamosi. Mwenzako amejitafutia Mngoni mwingine."

Akakata bila kuaga. Sikujua kama nimetengeneza au nimeharibu.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Babu yenu akavaa suti yake ya harusi za watu, akaanza kusoma. Watu wakatabasamu kwa heshima, kama wageni wanaosubiri chakula kilichochelewa. Akafika pale Mngoni wa kitabuni anapokiri kwamba pande zote mbili zilikuwa na ushujaa. Watu wakapiga makofi. Makofi, wajukuu zangu, kwenye kitabu cha vichekesho! Nikamwona anafunua kurasa mbili mbili ili amalize upesi.

Sauti ikatoka mlangoni. "Samahani, naomba kuuliza. Huyo Mngoni wa humo kitabuni alikufa lini?"

Ngonyani alikuwa amesimama pale, begi la safari begani.

Babu yenu akavua miwani. "Umefuata ngao? Babu yako aliisahau hapa akikimbia!"

"Babu yangu hakukimbia! Alisikia harufu ya mapishi ya kwenu, akaona akiwashinda itabidi akae ale!"

Ukumbi ukapasuka. Paroko akajifuta macho kwa kanzu yake, na mke wa katekista akateleza kwenye benchi mzima mzima. Wakarushiana maneno huku Ngonyani akisogea mbele, hatua kwa hatua, mpaka akafika mezani. Akachukua kitabu, akakifunua, akasoma kidogo. Alipoinua uso hakuwa akicheka tena.

"Kikoti, umeweka mtu wa kunisemea."

"Si mtu. Ni simu."

"Simu unayo. Namba yangu unayo. Ukaona kunipigia ni kazi, afadhali uifundishe simu kuwa mimi?"

Mtani hakasiriki, ndiyo sheria, lakini ule haukuwa utani tena, na kila aliyekuwa mle ndani aliona. Nilijuta kumwita.

"Ningekupigia ungesema nimekukumbuka," akasema babu yenu.

"Na hukunikumbuka?"

Babu yenu akatazama sakafu. 

"Nimekukumbuka, Ngonyani. Nimekukumbuka mpaka nikatukanana na simu."

Ngonyani ndiye aliyeanza kucheka, na ndiye aliyeanza kulia. Akamkumbatia mbele ya watu wote, akampiga mgongoni kwa ngumi. "Jembe ungeliazima popote, mjinga wewe," akasema. "Mtani haazimwi." Kisha akatugeukia sisi, mikono juu. "Mmesikia? Amekiri! Ameshindwa!"

Wiki mbili alikaa kwetu. Kila asubuhi waligombana barazani, simu ikiwa mezani katikati yao inasikiliza na kuandika. Hapo ndipo faida yake ilipoonekana. Ilichambua, ikapanga, ikauliza ni uongo wa nani uanze. Kitabu cha pili kilichotoka hapo kilivunja watu mbavu hadi Makambako. Cha kwanza, Ngonyani alikichukua boksi zima kwa haki ya utani, na mkewe akawa anafungia karanga za kuuza. Tangu hapo wanapigiana kila jioni, na kila mmoja anaapa kwamba mwenzake ndiye aliyepiga.

Basi, Edista, nilikuona jana ukiiomba simu ikutungie maneno ya kumchekesha rafiki yako kwenye harusi yake. Ikupangie, ikusahihishie, sikatai. Lakini maneno ya kumchekesha yule bibi harusi yatatoka wapi kama si kwako, uliyelala naye bweni moja na kuadhibiwa naye? Acha viazi, nenda ukakae naye. Jembe huazimwa, mtani haazimwi.