Fundi Ndiyo

Wahenga walinena kwamba kuuliza si ujinga. Fundi Ndiyo huyakumbuka maneno haya kila avutapo mtoto wa meza na kuliona daftari lake lililochakaa.

Jina hilo alibandikwa ugenini. Kwao alikuwa fundi cherehani wa kusifika, lakini lugha ya wenyeji ilimpiga chenga. Lolote aliloambiwa alijibu, "Ndiyo!" Mwajiri wake wa kwanza alimwambia asikiguse kitambaa kipya. "Ndiyo!" akaitikia, akakata jora zima. Siku hiyohiyo akafukuzwa. Na mkewe, ambaye angeruhusiwa kumfuata pindi mumewe apatapo ajira ya kudumu, akazidi kusubiri ng'ambo ya mpaka.

Basi akajikaza, akanunua daftari, akajiandikisha katika darasa la lugha la watu wazima. Ah, darasa lile! Viti vilikuwa vya watoto, magoti yakigonga meza. Siku moja mpishi mmoja mnene aliposimama, kiti nacho kilisimama naye, wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mwalimu, mama wa makamo mwenye vumbi la chaki hadi kwenye nyusi, aliipiga marufuku "ndiyo".

"Ndiyo ipi, baba? Umeelewa nini? Niulize!"

"Naona haya, Mwalimu."

"Haya haishoni nguo. Uliza!"

Miezi sita baadaye, Fundi alikwenda kujaribiwa katika kiwanda cha sare. Msimamizi alimkabidhi karatasi ya vipimo.

"Umeelewa?"

"Ndiyo" ikamfika kwenye ncha ya ulimi. Akamfikiria mkewe, akaimeza.

"Samahani, bosi," alisema akiionyesha karatasi kwa kidole. "Hapa mkono wa shati ni mrefu kuliko mguu wa suruali. Ni sawa?"

Msimamizi alikunja ndita, akaisoma karatasi, akairudia.

"Salaale! Na kesho tungekata mia tatu! Wenzako wote wameipokea wakanyamaza. Njoo uanze kazi asubuhi."

Mwaka haukwisha kabla mkewe hajawasili. Leo chumba kile cha darasa ni ghala, na mwalimu ametangulia mbele ya haki. Fundi akimkumbuka, machozi humlengalenga. Juzi alipomwelekeza mshonaji mpya, mama aliyehamia karibuni, aliitikiwa, "Ndiyo, ndiyo."

Fundi alicheka, akamsogezea kiti.

"Ndiyo ipi, mama? Niulize."

Mama yule akaona haya kidogo, kisha akauliza. Hakika, kuuliza si ujinga.