Kufuli la Bi Mashavu

Kufuli likichezewa huwa mlango. Methali hiyo mmeisikia leo mkacheka mpaka mkashika mbavu, eti kufuli na mlango wapi na wapi! Haya, malizeni kucheka mtulie, maana aliyeisema mara ya kwanza hakuwa na hata chembe ya kicheko. Ilianza hivi.

Kule kwenye mashamba ya mkonge, upande wa Korogwe, alikuwako mwanamke akiitwa Bi Mashavu. Mumewe alikuwa amefariki, na hapa duniani alibaki na mtoto mmoja tu, Mhina. Nikisema mtoto msidhani mchanga. Mhina alikuwa jibaba zima, ndevu zimemjaa kidevuni. Lakini utotoni alishikwa na homa iliyompanda kichwani, na ilipomwachia ilimwachia akili za mtoto mdogo. Kifungo cha shati kilimshinda. Maneno aliyoyajua yalikuwa ya kuhesabika. Alichokipenda ni maji: akiuona mto Pangani huingia moja kwa moja na nguo zake, anacheka, na kuogelea hajui. Zaidi ya mara moja wafuaji nguo walimvuta akiwa tumbo limeshajaa maji.

Sasa Bi Mashavu angefanyaje? Kazi yake ilikuwa kuanika singa, zile nyuzi za mkonge, ng'ambo ya daraja, na asipokwenda hawali. Ndugu walikuwa wale wa kuja kukiwa na pilau. Basi kila asubuhi alimfungia Mhina ndani, akaenda. Mhina naye alilia, analia kwa sauti nzito ya mwanamume, anaupiga mlango kwa paji la uso, "Mama! Mama!", na Bi Mashavu anamsikia mpaka njia panda. Alasiri akirudi humkuta na damu usoni. Watu wakasema ana roho ngumu. Watu nao! Hakuna hata mmoja aliyesema, "Niachie leo nikae naye."

Mlango wao wa mbao ulikuwa na tundu la kupitishia mkono, kama ilivyo kwa mageti mengi. Mnyororo ulipita hapo na kufuli lilining'inia nje. Siku moja, kwa haraka, Bi Mashavu akalifunga likabaki upande wa ndani. Aliporudi, jirani yake Bi Hadia akamwuliza, "Mashavu, leo mwanao ulimpeleka wapi? Hatukumsikia kabisa."

Bi Mashavu akaingia mbio, roho iko mkononi. Akamkuta Mhina amekaa kitako nyuma ya mlango, kufuli kiganjani, analichokoa tundu la ufunguo kwa njiti ya ufagio. Paji lake la uso lilikuwa kavu. Mama akamshukuru Mungu. Tangu siku hiyo kufuli likafungwa kwa ndani, na kilio kikakoma.

Njiti ikaja ikawa waya wa mwavuli mbovu. Miezi ikapita. Siku moja Bi Mashavu anarudi, anaukuta mlango wazi. Akapiga yowe. Lakini Mhina alikuwa pale pale kizingitini, anamnyooshea kufuli lililofunguka, uso wote furaha.

"Mama, ona!"

Jamani, nyinyi hamjazaa. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na furaha yake ni vivyo hivyo. Bi Mashavu alikaa chini akalia. Mtoto aliyeshindwa na kifungo cha shati amefungua kufuli! Akasema moyoni, mwanangu anapona. Akalifunga tena, akamwambia, "Hebu tena, baba." Mhina akalifungua. Mama akampa kashata.

Basi ikawa ndiyo desturi yao. Mama akirudi humkuta kizingitini na kufuli lake, anamsifu, anampa kashata, kisha wanarudia. Bi Hadia akaitwa aone, na yeye akapiga vigelegele. Kazi iliyokuwa ikimchukua Mhina kutwa nzima ikawa ya muda wa kuchemsha chai. Halafu ikawa hata kanga hujamaliza kuifunga kiunoni, kufuli limeshalia, ka!

Habari zikamfikia fundi Sufiani, aliyekuwa akitengeneza makufuli na baiskeli pale sokoni. Siku Bi Mashavu alipopita, akamwita.

"Mama Mhina, lile kufuli usimwachie tena."

"Kwani limelegea?"

"Halikulegea. Mle ndani mna vijipini vinavyozuia. Mara ya kwanza mtu huvitafuta kama aliyeingia nyumba ngeni yenye giza. Akivigusa kila siku, mkono unavikariri. Mimi mwenyewe kufuli la kwanza lilinitoa machozi. Sasa nafungua huku nabishana mambo ya mpira."

"Basi nipe kubwa zaidi."

"Hilo kubwa atachelewa nalo kidogo tu. Aliyejifunza ni mkono, mama, na mkono anatembea nao. Lifunge kwa nje, asilifikie."

"Kwa nje anajipasua kichwa, Sufiani! Wewe humsikii, uko huku sokoni. Na akifungua hatoki. Hukaa pale ananingoja nimsifu."

"Hatoki leo," fundi akasema.

Bi Mashavu akasonya akaenda zake. Lakini neno lilimkaa. Kesho yake akalifunga kwa nje. Hakufika hata njia panda. Alisikia lile paji la uso likigonga mbao, du, du, du, akashindwa, akarudi akalihamishia ndani. Na nyinyi msijitie kumhukumu, hakuna mzazi ambaye asingerudi.

Ikafika siku mawingu yalipotanda ghafla na singa zote ziko juani. Nyapara akakataza mtu kuondoka.

"Bwana nyapara, niruhusu. Mwanangu ananingoja," Bi Mashavu akasema.

"Singa zikilowa, nani atamjibu bwana shamba? Kila mtu hapa ana mwana. Kusanya!"

Akakusanya.

Nyumbani, Mhina alikuwa ameshafungua. Akakaa kizingitini akangoja. Wakati wa kashata ukapita. Ana jambo la kuonyesha na wa kumwonyesha hayupo. Akainuka. Watu waliopishana naye walisema alikuwa anakwenda mbio mbio, kufuli kaliinua juu, anaita mama. Walidhani mama yake yuko mbele tu. Njia ya kwenda kwa mama ilipita mtoni, na Mhina akauona mto.

Walimkuta kwenye matete, chini kidogo ya daraja, kabla jua halijazama. Kufuli walilitoa kiganjani kwa kumkunjua kidole kimoja kimoja.

Matangani wanawake walimzunguka Bi Mashavu wakimwambia, kama ilivyo ada, "Kazi ya Mungu haina makosa, mwenzetu. Shukuru."

Akainua kichwa. "Msimsingizie Mungu. Nilidhani mwanangu anapona, nikawa nampa kashata. Kumbe kila nikimsifu namfundisha njia ya mtoni. Kufuli likichezewa huwa mlango." Akarudia, "Likichezewa huwa mlango." Bi Hadia, aliyekuwa amepiga vigelegele, alijifunika kanga gubigubi.

Bi Mashavu aliishi miaka mingi baada ya hapo, na hilo ndilo lililokuwa baya zaidi. Alikwenda shambani akarudi, akaenda akarudi, na mlango hakuufunga tena, wa nini? Maneno yake ndiyo yaliyosambaa, yakatoka kijiji hadi kijiji mpaka yakatufikia sisi.

Kwa hiyo mkimsikia mtu anaambiwa hivyo, msidhani anaambiwa habari za vyuma. Kijana anaonja gongo, ukimwonya atakwambia, "Naonja tu, nikitaka naacha." Mume amempiga mkewe kofi moja, anasema ni hasira tu, hatarudia. Kila mmoja anaona kufuli lipo, limening'inia mahali pake, na yeye yuko ndani salama. Mhina naye alikuwa hatoki. Kufuli likichezewa huwa mlango.