Damu ya Mtoto Hatibu

“Kabla ya kuishtaki damu, uliza kisigino.” Vijana waliokuja kujifunza kazi ya maabara waliusikia msemo huu siku yao ya kwanza, wakamwuliza Mzee Semkiwa, fundi mstaafu wa mashine, umetoka wapi. Mzee akavuta kiti, akasema methali hii ilianza hivi.

Hapa Tanga alikuwapo mpimaji mmoja, Hidaya, ambaye kazi yake ilikuwa kupima mafuta yaliyomo katika damu. Mafuta hayo huyeyushwa kwa dawa, yakasukumwa ndani ya bomba jembamba, na kila aina ikatoka kwa wakati wake. Mwisho mashine hupima uzito wa chembe zake na kuchora vilima kwenye kioo.

Siku moja ililetwa damu ya kichanga aitwaye Hatibu, iliyotolewa kwa kumtoboa kisigino. Vilima vikapanda pasipostahili kitu. Daktari alishuku mwili wa mtoto hauwezi kuyachoma mafuta, akamwambia mama yake, Saumu, asimnyonyeshe kwanza. Majibu yakithibitisha, ziwa la mama ndiyo basi tena. Saumu akakaa wodini, maziwa yakimlowesha kanga na mtoto akilia.

Hidaya alishika kalamu atie sahihi, mkono ukasita. Uzito ule aliujua. Ulikuwa wa mafuta ya nazi, na kichanga hali wali wa nazi. Naye Hidaya ni mtoto wa Tanga, utotoni alikandwa kwa mafuta hayo kama wenzake. Akaiweka kalamu, akaenda wodini, akamkuta Saumu na mama yake, Bi Nuru.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mwanangu.”

“Mjukuu mnamkanda kwa mafuta gani?”

“Ya nazi, nimeyapika mwenyewe. Kila asubuhi, toka utosini mpaka nyayo.”

“Na siku aliyotobolewa kisigino?”

“Nilikuwa ndiyo kwanza nimemaliza kumkanda. Nesi akampitishia kipamba, akatoboa.” Bi Nuru akamtazama binti yake, sauti ikafifia. “Nimemponza mjukuu wangu?”

“Hujamponza, bibi. Umemkanda kama tulivyokandwa sote. Sisi ndio hatukuuliza.”

Mtoto akaogeshwa kwa sabuni, damu ikatolewa upya, safari hii kwenye mshipa wa mkono. Hidaya akaipima mwenyewe. Vile vilima havikuwapo; yalikuwa mafuta ya kisigino yaliyochanganyika na damu. Damu ya Hatibu ilikuwa salama salimini.

Daktari alipotamka “Mnyonyeshe,” Saumu hakungoja amalize. Mtoto alilidaka ziwa kwa pupa, akanyamaza. Saumu akaushika mkono wa Hidaya asiuachie, machozi yakimtiririka. “Mungu akulipe, dada yangu. Mimi sina cha kukupa.”

“Mshukuru mama yako,” Hidaya akasema. “Angenificha kwa kuogopa lawama, ningetia sahihi.” Naye alishukuru kwa dhati, maana alijua kalamu ilikuwa imekaribia karatasi kiasi gani.

Bi Nuru akafuta macho kwa upindo wa kanga, akacheka. “Masikini damu ya watu, imesingiziwa bure. Siku nyingine, wanangu, kabla ya kuishtaki damu, ulizeni kisigino.”

Mzee Semkiwa akawatazama vijana. Hatibu sasa ana ndevu, alisema, na kila Idi huwaletea watu wa maabara sinia la vitumbua, salamu za mama yake. Basi nanyi, mashine ikiwaonyesha ajabu, msikimbilie kalamu. Kabla ya kuishtaki damu, uliza kisigino.